Kanisa Lililokaa Upande

Nilijua. Kwa miaka mingi nimeulizwa kwa nini kanisa la mbao la kule kisiwani limekaa upande, na kila mara nimejibu kwamba sijui. Walionibana zaidi, kwa kuwa nimesoma, niliwapa jibu la msomi, ambalo mara nyingi ni namna ndefu ya kusema sijui. Lakini nilijua. Nilijua tangu nikiwa mtoto asiye na meno ya mbele, alasiri moja ya mvua, nikiwa nimekaa kwenye benchi la Walutheri na kikapu cha misumari mapajani.

Aliyenikumbusha ni fundi wa pikipiki aliyehamia chini ya dirisha langu hapa Kindu. Kila asubuhi anamwaga mafuta ya vidanje, yale mafuta meusi yaliyokwisha kufanya kazi ndani ya injini, na harufu yake hupanda mpaka mezani kwangu na kuketi bila kukaribishwa. Majirani wanalalamika. Mimi nalifunga dirisha kwa heshima ya majirani, kisha nalifungua tena. Kwa pua yangu hiyo si harufu ya pikipiki. Ni harufu ya kanisa.

Kanisa lenyewe lilisimama kwenye kisiwa kirefu cha mchanga katikati ya Lualaba, upande wa kwetu Kasongo. Sisi tulikiita Kisiwani tu, kama vile hakuna kingine duniani. Walutheri walifikaje huko? Si kwa meli wala kwa mzungu. Walifika kwa mtu mmoja, Yakobo, kijana wa kisiwa hichohicho aliyekwenda kutafuta kazi upande wa ziwa, akarudi na mke, kitabu cha nyimbo, na dini ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameisikia. Wakatoliki walikuwa na shule zao mjini. Sisi Waislamu tulikuwa na misikiti yetu tangu zamani za mababu. Hakuna aliyewahi kujisumbua kuvuka kwenda Kisiwani akawahubirie watu wake. Kwa hiyo kisiwa kizima kikawa cha Kilutheri, kwa sababu nyepesi kwamba Yakobo ndiye mhubiri pekee aliyelala hukohuko. Walimwita Mwalimu Yakobo. Mkewe, Mama Eliza, alikuwa na sauti ya kuita mtumbwi ulioko ng'ambo bila kusimama kwenye kiti.

Kanisa la kwanza lilikuwa la nyasi, na mto uliondoka nalo. La pili lilipaswa kuwa la matofali, lakini kisiwa ni mchanga mtupu, hakuna udongo wa kufyatulia, na matofali ya kuvushwa kwa mtumbwi huwa na tabia ya kuuzamisha. Mbao zina akili zaidi: zinaelea. Basi waumini walikata kambala, mti mgumu ambao wengine huuita mvule, wakavuta magogo majini nyuma ya mitumbwi, na Mwalimu Yakobo akavuka kwenda mjini kumtafuta fundi. Fundi wa mbao aliyejulikana kuliko wote Kasongo alikuwa babu yangu mzaa mama, Fundi Ramazani. Huyo ndiye aliyewatengenezea watu milango, vitanda, majeneza ya Wakatoliki na mimbari ya msikiti wetu.

Watu msikitini walinung'unika kidogo. Babu aliwajibu kwamba mbao hazina dini, akachukua msumeno, akavuka. Yote hayo yalitokea kabla sijazaliwa. Nilipopata akili nililikuta kanisa limekwisha kuzeeka vizuri, jeusi kwa vidanje ambayo babu aliipaka kila kiangazi ili mchwa wasilile. Na nilikuta limekaa upande.

Nisifikiriwe kwamba lilikuwa limeinama. Lilisimama wima, kuta zake zimenyooka hata ungeweza kupimia rula. Ila halikuufuata mto, wala halikutazama kivukoni, wala halikukaa sambamba na njia au nyumba yoyote ya kisiwa. Ukishuka kwenye mtumbwi ulipokewa na kona yake, kama bega la mtu aliyenuna. Mlango ulibidi uutafute kwa nyuma.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Wapiga kasia walisema kanisa limeona maji mengi mno likaamua kuyapa kisogo. Wanawake wa soko la Kasongo walisema Walutheri ni watu wa kubisha, hata nyumba yao inabisha. Mjomba wangu alisema palikuwa na kichuguu ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Watoto wa kisiwani walikuwa na maelezo mafupi kuliko hayo yote, na ndiyo yaliyoniuma: fundi hakujua kupima.

Nilifika kule kama mpelelezi. Babu alipenda chai yenye sukari kiasi cha kijiko kusimama ndani ya kikombe, na bibi yangu aliogopa kwamba sukari itamuua kabla ya siku zake. Nyumbani aliilinda. Kisiwani hakuwa na mlinzi. Ndipo nikatumwa niende naye kila kiangazi, eti nimbebee misumari. Babu alijua kwa nini nimekuja tangu mtumbwi haujaacha ukingo.

“Muke wangu,” aliniambia, kwa maana wajukuu wa kike kwetu ni wake wa babu zao na utani huo hauchoki, “wewe ni wa bibi yako ao ni wa mimi?”

“Wa wewe.”

“Tutaona mbele ya kikombe.”

Mama Eliza alitupokea kivukoni na ile sauti yake. “Karibu, bibi ya fundi! Bwana yako amekula? Haumupikii? Angalia shingo yake, iko kama ya kuku ya njaa!” Wanawake waliokuwa wakiosha mihogo walicheka mpaka mihogo ikataka kwenda na maji. Kila siku, alasiri, alileta chai yeye mwenyewe, katika birika la bati lililofungwa kitambaa, ya moto ya kuchoma ulimi, na tamu. Nililipa uaminifu wangu kwa bibi kwa kutazama pembeni, na Mama Eliza alilipa utazamaji wangu kwa kunipa kikombe changu.

Mtoto wao, Danieli, alikuwa na umri wangu na ulimi wa mama yake. Alinifuata kila nilipokwenda.

“Ee Zaina, babu yako iko na jicho moja?”

“Iko na mawili!”

“Basi moja ilikuwa inalala siku ya kujenga.”

Nilimrushia msumari. Haukumpata. Niliutafuta mchangani mchana kutwa, maana misumari ya babu ilikuwa inahesabiwa, na muda wote huo Danieli alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akinielekeza pa kutafuta: “Tafuta upande, tafuta upande!”

Jambo hilo lilinichoma zaidi kwa sababu babu alikuwa mtu wa majivuno. Hakuwa mpole. Alikuwa na mita ya mbao ya kukunja, ya manjano, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na alipoingia nyumba ya mtu alipitisha jicho kwenye fremu ya mlango kabla ya kusalimia. Mlango uliopinda ulimharibia siku. Mafundi wenzake aliwaita wapasua kuni. Na mtu huyu, aliposikia watoto wakiimba kwamba hakujua kupima, alikuwa akiendelea kupaka vidanje, polepole, kama asiyesikia. Mimi nilijua anasikia. Masikio yake yalitembea.

Siku ya mvua ilikuja mwisho wa kiangazi, ile mvua ya kwanza inayoshuka bila adabu. Tulikuwa ndani, babu akibadilisha ubao ulioliwa karibu na dirisha. Mlio wa mvua juu ya bati ulikuwa mkubwa hata hatukuweza kusemezana. Siku nyingine zote babu alikwenda kusali kivukoni, kwenye kibanda cha makasia, kwa sababu, alisema, mtu akienda kwa watu haanzi kutandika mkeka sebuleni mwao. Siku ile kibanda hakikuonekana hata kwa macho. Alasiri ilikuwa inapita. Babu akatawadha kwa maji yaliyotiririka kutoka batini, akatoa mkeka wake kwenye mfuko wa vyombo, akautandika katikati ya kanisa, kwenye njia kati ya mabenchi.

Lazima niwaeleze kitu kuhusu nyumba zetu za mjini. Nyumba zilijengwa zitazame barabara, na barabara haikujengwa kwa kufikiria Maka. Kwa hiyo, katika kila chumba nilichokijua, mkeka wa swala ulilala mshazari. Ulikata kona. Ulielekea kati ya kabati na dirisha, au kwenye mguu wa kitanda. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni sehemu ya ibada: unatawadha, unatandika, unageuka upande. Nikakaa kwenye benchi nikingoja babu ageuke.

Hakugeuka. Mkeka ulilala sambamba na mbao za sakafu, sambamba na mabenchi, sambamba na kuta, kama droo iliyoingia mahali pake. Mbele yake ilikuwa meza ya Bwana na msalaba wa kambala aliouchonga mwenyewe, na yeye alisimama pale amefunga mikono, amenyooka kama nguzo ya pili. Katika maisha yangu yote sikuwa nimeona mtu aliyeenea hivyo ndani ya nyumba.

Alipomaliza nilimwambia kwa sauti, kwa ajili ya mvua: “Babu, haukugeuka!”

“Hesabu misumari.”

“Lakini haukugeuka.”

Alikunja mkeka, akaukunja tena vizuri zaidi, akakaa kando yangu. Vidole vyake vilinuka vidanje. Kisha akanieleza, kwa kifupi na kwa hasira kidogo, kama anayeeleza kosa la fundi mwingine.

Nyumba ya mtu, alisema, unaianza kwa kuuliza mlango utatazama wapi. Lakini yeye alifundishwa kazi kwa kujenga misikiti, na nyumba ya Mungu alifundishwa kuianza kwa namna nyingine. Unatawadha. Unasimama. Unasema bismillahi. Unampa mtu ncha ya kamba na kumtuma mbele, moja kwa moja kutoka vidole vya miguu yako, na kamba hiyo ya kwanza ndiyo inayozaa kamba nyingine zote. Mwalimu Yakobo alipomwambia, “Fundi, utujengee nyumba ya Mungu,” akatawadha, akasimama, akasema bismillahi, akatuma kamba. Hakufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri.

“Ulijua siku gani?”

“Siku ya kupandisha kenchi. Jua likaingia mulemule mu mulango, nikaona kivuli yangu imeelekea kibla, nikasema, Ramazani, umefanya nini.”

Kenchi ni yale magogo ya paa. Kanisa lilikuwa limekwisha kusimama.

“Kwa nini haukuwaambia?”

“Niwaambie nini? Muvunje, muanze tena? Mbao yote hii walivuta na shingo zao.” Akatazama paa lake. “Wa hapa watasema niliwatega. Wa kwetu watasema kibla nimeuzisha kwa kanisa. Wakisema Ramazani hajui kupima, hiyo ni ya mimi peke yangu, naibeba.”

Nilifikiri juu ya hilo kadiri mtoto anavyofikiri, yaani nikihesabu misumari.

“Wakikuuliza?” akasema.

“Sijui.”

“Vizuri, muke wangu. Na bibi yako akiuliza juu ya sukari?”

“Sijui.”

“Vizuri zaidi.”

Muda mfupi baadaye mvua ilipungua na Mama Eliza akaingia na birika, nguo zimelowa mpaka magotini. Babu akanywa, akakunja uso, akanywa tena kwa heshima. Chai ilikuwa baridi. Hilo nalikumbuka kwa sababu katika viangazi vyote vile ndiyo mara moja tu Mama Eliza alileta chai baridi, na hakusema neno juu yake, yeye ambaye alikuwa na neno juu ya kila kitu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno. Tulialikwa kula, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, na alikuwepo mgeni wa dini kutoka mbali, mwenye miwani na viatu ambavyo mchanga ulikuwa umevishinda. Walikuwa wametandaza vyakula nje, kwenye kivuli cha ukuta: ugali, samaki, wali. Mgeni alilisifu kanisa. Kisha, kama wageni wote, akauliza.

“Lakini mbona iko upande hivi?”

Danieli alikuwa amengojea swali hilo maisha yake yote. “Fundi alikuwa anapima na jicho moja!”

Watu wazima walicheka, si kwa ubaya. Walicheka kama watu walioshiba. Hata Mwalimu Yakobo alitabasamu na kutazama sahani yake. Babu alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Aliutoa kwa uangalifu mkubwa, akauweka pembeni, akatafuta mwingine. Masikio yake yalitembea.

Mgeni akaniona. “Na wewe, mujukuu ya fundi? Babu yako alikuambia sababu?”

Nadhani sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na jibu zuri namna ile mdomoni. Lilikuwa limekaa nyuma ya pengo la meno, tayari kutoka. Neno moja lingemnyamazisha Danieli na kumrudishia babu mita yake, jicho lake na jina lake. Na nilijua, kwa kuwa mtoto hajui mengi lakini hayo anayajua, kwamba lingemchukulia kitu kingine ambacho sikuweza kukitaja.

“Sijui,” nikasema, na machozi yakanitoka, jambo ambalo halikunisaidia.

Mama Eliza akaweka sufuria chini kwa kishindo. “Muachie mutoto,” alisema. “Kanisa yetu iko sawa. Ni muto ndio iko upande. Kuleni.”

Watu wakacheka tena, wakala. Nilidhani ametania ili kuniokoa, na nilimshukuru kwa utani wake. Neno lile likawa msemo kwetu nyumbani. Mtu akikuta ugali umeungua, tulisema ugali uko sawa, ni moto ndio uko upande. Tulipokuwa tukivuka kurudi, babu alinipa ile mita ya manjano niibebe, na sikuifungua mpaka ng'ambo.

Babu alifariki nikiwa msichana mkubwa, na wala si kwa sukari. Watu wa kisiwani walivuka na mitumbwi. Kwetu maiti huwekwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, kisha hufunikwa kwa mbao kabla ya udongo. Mwalimu Yakobo alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, lakini Mama Eliza alikuja na vijana waliobeba mbao nyeusi za kambala, zile za zamani zilizotolewa ukutani mwa kanisa na kuwekwa. Zilinuka vidanje. Wajomba walitazamana. Mama Eliza akasema tu, “Hizi zinajua njia,” na wajomba, kwa kuwa zilikuwa mbao nzuri na jua lilikuwa linakwenda, wakazipokea. Nilidhani ni rambirambi, ile lugha ya mafumbo watu wanayoitumia msibani wanapokosa la kusema.

Nilikwenda chuo kikuu. Huko nilisomea historia, na ilipofika siku ya kuandika kazi ya kumaliza masomo nilichagua, kwa ushujaa mkubwa, jambo nililolijua tayari: historia ya parokia ya kisiwani. Niliandika juu ya Yakobo, magogo, kanisa la nyasi. Nilipofika kwenye swali la upande, mkono ulisimama. Kisha nikaandika kwamba mjenzi alilielekeza jengo kwa kuzingatia pepo za msimu, ili kupunguza mkandamizo juu ya kuta nyepesi. Ilikuwa sentensi nzuri. Niliipigia mstari. Mwalimu aliyenisimamia aliandika pembeni yake kwamba hapo pana uchambuzi wa kweli, na mimi nikapata shahada kwa upepo.

Ubaya wa uongo ulioandikwa vizuri ni kwamba una miguu. Niliwapelekea watu wa kisiwani nakala, kwa majivuno niliyorithi halali. Danieli, ambaye alikuwa amekuwa mchungaji kama baba yake na amenenepa kidogo, aliisoma. Tangu siku hiyo wageni wote waliposhuka mtumbwini na kuuliza, Pasta Danieli aliwaambia kwa sauti ya kanisani: “Kufuatana na mutaalamu wetu, ni mupepo.” Mafundi wengine wakawa wapasua kuni tena, babu akasifiwa. Nilijiona nimemaliza deni la mwiba wa samaki.

Kisha mwaka huu mto ulipanda kuliko kawaida, na nguzo za kanisa, ambazo hakuna aliyezipaka vidanje kama inavyopaswa tangu babu aondoke, zikakubali kushindwa. Halikuanguka. Lilikaa chini, kama mama mzee anayekaa. Waumini wakaamua kujenga jipya, la matofali ya saruji ambayo sasa kuna mashua ya mota ya kuyavusha. Vijana, kwa bidii ya vijana, wakasafisha kila kitu: wakang'oa nguzo, wakafukia mashimo, wakasawazisha mchanga mpaka pakawa kama hapajawahi kuwa na kitu. Mbao wakazipanga kando. Baada ya hapo tu ndipo mtu akauliza kamba ya kwanza inapita wapi.

Walimleta enjeniere, yaani mhandisi, kutoka mjini. Danieli akamweleza habari ya upepo. Enjeniere, mtu wa akili, akasema vizuri kabisa kwamba tofali la saruji haliogopi upepo, kwa hiyo hakuna sababu ya kurudia upande ule. Lingetazama kivukoni, na watu wakafika mlangoni moja kwa moja. Komite ya kanisa ikakubali. Mama Eliza akakataa. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri, lakini alikaa kwenye kiti katikati ya uwanja ule wa mchanga na kusema hawatavuta kamba mpaka wakubali kanisa jipya likae kama la zamani.

Hayo nilielezwa kwa simu, karibu na saa sita mchana, dirisha likiwa wazi na vidanje ikiniingilia.

“Zaina,” alisema Danieli, “mama anatusumbua. Anakaa mu shantye, pale pa kujenga, tangu asubuhi. Anasema atasema na wewe tu. Tafazali.”

Nikasikia simu ikipita mikononi, upepo wa kweli wa mtoni, kisha ile sauti, nyembamba kidogo lakini bado ya kuvuka maji.

“Bibi ya fundi!”

“Karibu, Mama.”

“Bwana yako hayuko tena, utapikia nani?” Akacheka peke yake. Kisha: “Wanataka kugeuza kanisa. Juu ya mupepo. Ni mupepo yako hiyo.”

Nilisema kwamba utafiti wa wakati ule ulikuwa na mipaka yake. Mtu huwa na aibu ya namna nyingi, na ile ya kisomi ndiyo yenye maneno mengi.

“Nyamaza, mutoto,” alisema kwa upole. “Siku ile ya mvua nilikuwa mu mulango na chai. Nikaona fundi anasali. Mutu akisali haumukati. Nikasimama kule inje mpaka amalize, chai ikapoa. Unakumbuka ile chai?”

Nilisema ninaikumbuka.

“Na Yakobo alijua tangu siku ya kamba. Alikuwa anashika ncha ya mbele. Aliona mutu ametawaza, anasema jina la Mungu, anatuma kamba. Akaniambia, Eliza, mutu akianzia kwa Mungu, mimi sitamugeuza.”

“Mbona hamkusema?” Sauti yangu ilikuwa ya mtoto asiye na meno. “Watu walimcheka miaka yote. Mlicheka na nyie.”

“Tungemuambia nani? Fundi alificha. Tukiona mutu anaficha kitu, tumuvue? Wa kwenu wangemumaliza. Tukasema, basi, kanisa yetu iko upande. Tukamuchunga.”

Nilikuwa nikiwaza mwiba wa samaki, na Mwalimu Yakobo akitazama sahani yake. Nilikuwa nimemlinda babu dhidi ya watu waliokuwa wakimlinda babu, na yeye mwenyewe alikuwa katikati yetu akiwalinda wote, akibeba jicho moja ambalo hakuna mzee aliyeliamini. Kisiwa kizima cha wazee wanaojua, kila mmoja akisema hajui. Na mimi peke yangu ndiye niliyekwenda kuongeza upepo.

“Sasa,” alisema Mama Eliza, “wazee wa siku ile wamekwisha. Mimi macho haioni. Mashimo wamefunika. Na siwezi kusema habari ya fundi mbele ya komite kama watu wake hawajasema. Nilikuwa nangoja nyinyi mutasema. Nakuuliza mimi mwenyewe. Wewe, bado haujui?”

“Najua, Mama.”

“Basi ambia Danieli.”

Nikamwambia. Ilichukua muda, kwa sababu ilinibidi kuanza kwa kuondoa upepo.

“Kumbe hakuwa na jicho moja,” alisema Danieli.

“Nilikuambia iko na mawili.”

“Lakini Zaina, wewe uko Kindu. Nani atatuonyesha kibla iko wapi hasa?”

Mimi, kwa kusema kweli, si mtu wa kuulizwa hilo. Mkeka wangu una vumbi. Nilikuwa nataka kusema hivyo, lakini nyuma yake nilimsikia Mama Eliza akipaza sauti, si kwangu, bali kwa mtu aliyekuwa mbali, kivukoni. Alikuwa anamwita Salumu, mwenye mashua ya mota inayovusha saruji, Mwislamu wa kwetu mjini.

“Salumu! Adhuhuri haijafika? Kuja usalie huku! Leta mukeka!”

Kukawa na kicheko, na hatua mchangani, na enjeniere akiuliza kitu ambacho hakuna aliyemjibu. Danieli alisahau kukata simu. Nikabaki nimeishika sikioni, kwa kitambo kirefu, nikisikiliza ukimya wa watu wengi wanaongoja mtu mmoja amalize. Kisha sauti ya Danieli, karibu na mchanga, kana kwamba amepiga magoti:

“Shika kamba hapa, kwa ukingo ya mukeka. Wewe, kwenda mbele. Vuta. Vuta kidogo. Acha!”